Vitabu vya Vita na Wenye Vitabu

Kuna watu duniani wanaokusanya vitabu vya zamani vya vita kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Hawataki kitabu kimoja. Wanataka mfululizo mzima, toka buku la kwanza mpaka la mwisho, majalada ya namna moja, ramani zote zikiwa mahali pake. Likikosa buku moja, watalitafuta hata miaka kumi. Sisi wa milima ya Minembwe twaweza kuwacheka, lakini huku kwetu nako ng'ombe mmoja akipotea, vijana hawalali.

Siku hizi tumekaa na kitabu kimoja cha namna hiyo, tukaona yafaa tuseme neno juu yake. Ni buku la pili la Les Campagnes coloniales belges 1914-1918, yaani historia ya vita vya Wabelgiji katika Afrika, iliyotungwa na wakubwa wa jeshi lao huko Bruxelles. Buku la kwanza lilitoka mwaka 1927, nalo laeleza vita vya Kameruni na Rodesia, na ulinzi wa mpaka wetu wa mashariki. La pili lilitoka mwaka 1929, juu ya safari ya Tabora. La tatu, la mwaka 1932, ni juu ya Mahenge.

Kwanza tuwape watungaji haki yao. Waingereza walianza historia yao ya vita hivyo, wakatoa buku la Hordern mwaka 1941, nalo lakomea Septemba 1916. La pili halikutoka kamwe. Basi anayetafuta mfululizo kamili wa Waingereza anatafuta mtoto asiyezaliwa. Kwa Wadachi, Boell, aliyekuwa mwenyewe ofisa chini ya Lettow-Vorbeck, alitoa kitabu chake kule Hamburg mwaka 1951. Wabelgiji walimaliza kazi yao mapema, kwa mabuku matatu. Mtu akitaka kujua kikosi fulani kilivuka mto gani na siku gani, hatapata kwingine kwepesi.

Na mambo yenyewe yanatuhusu. Ziwa la Tanganyika ni lile lile wavuvi wa Baraka wanalolitazama kila asubuhi. Tarehe 22 Agosti 1914 Wadachi waliipiga masua Alexandre Delcommune kule Lukuga, na kwa muda mrefu ziwa lote likawa lao. Ndipo Waingereza walipovuta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa njia ya pori kupitia Katanga, zikafika ziwani Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba walikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Masua kubwa, Götzen, Wadachi waliizamisha wenyewe Kigoma mwezi wa Julai 1916. Baadaye iliopolewa ikaitwa Liemba. Kutoka Kivu na bonde la Ruzizi askari wa Force Publique wakashuka, brigadi ya Molitor na brigadi ya Olsen, mpaka Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali Tombeur, aliyewaongoza, alifanywa baroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake mpaka kufa.

Hapo ndipo ubaya wa kitabu unapoonekana. Mzungu aliyeongoza kikosi anatajwa kwa jina na cheo chake. Askari mweusi anatajwa kwa hesabu: bunduki kadha wa kadha. Mpagazi hatajwi hata kama mtu. Anatajwa kama mizigo. Nao wanahistoria wanahesabu wapagazi wapata 260,000 walioshikwa kwa kazi ya vita hivyo katika Kongo. Kipolo begani, posho kidogo, baridi ya milima, kuhara damu: haya yaliwaua wengi kupita risasi za Wadachi. Kitabu hakidanganyi juu yao, hilo tukubali. Kinawapita tu, kama mtu aliyebebwa katika kipoyi anavyopita njia bila kuangalia mabega yanayomchukua.

Sasa tuje kwa wenye kitabu, maana buku hili limekuwa na mabwana kadhaa. Juu ya karatasi ya kwanza kuna jina la mzungu kwa wino mweusi, pamoja na cheo cha ofisa, nusu yake limekwanguliwa kwa wembe. Chini yake kuna muhuri wa mviringo, rangi ya zambarau, wa ofisi moja ya teritware. Kando ya muhuri mtoto fulani amefanya hesabu za kuzidisha kwa kalamu ya risasi (saba mara nane amekosea). Kisha jina la mwenye kitabu wa leo, mwalimu mmoja mstaafu wa huku Minembwe, aliyekikuta sokoni Baraka miaka mingi iliyopita, kwa mama mmoja muuza karanga aliyekuwa anajitayarisha kukichana afunge karanga zake. Alikinunua kwa bei ya samaki wawili. Ramani zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Lakini si majina tu yanayotuonyesha bwana wa kitabu. Vitabu vya Kifaransa vya siku zile viliuzwa karatasi zikiwa bado zimeshikana pembeni, na msomaji alizikata mwenyewe kwa kisu. Mwalimu anasema alipokifungua alikuta karatasi za mapigano zimekatwa vizuri, toka Kigali mpaka Tabora. Zile za chakula, njia za nyuma na uchukuzi wa mizigo zilikuwa zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani. Ofisa alikaa nazo, teritware ikakaa nazo, hakuna aliyetaka kujua. Ni Mwalimu aliyezikata, kwa kisu cha jikoni, na makali yake yanaonekana: yamekwenda upogo.

Sisi twaona kwamba hukumu ya kitabu imeandikwa katika karatasi zile. Watungaji wana kosa lao, lakini waliandika hata hivyo sura za mizigo; wasomaji wao ndio waliokataa kuzifungua.

Baada ya kuzikata, Mwalimu alianza kuuliza wazee: nani katika ukoo wenu alichukua mzigo wa vita vya Wadachi? Kila jina alilopata aliliandika kwa bik katika karatasi nyeupe za mwisho wa buku, pamoja na kijiji, na neno moja: alirudi, au hakurudi. Yamefika majina 31, ya watu wa milimani na ya watu wa ziwani, bila kutenga kabila. Kwa nchi ambayo tangu mwaka 2017 imeona vijiji vikichomwa moto kwa sababu ya kabila, orodha hiyo si jambo dogo. Mwaka 2019 yeye mwenyewe alipokimbia usiku aliacha sufuria, akachukua buku. Mke wake hajamsamehe mpaka leo.

(Twakumbuka kwamba Ernesto Guevara naye alikaa katika milima hii ya Fizi toka Aprili mpaka Novemba 1965, akaandika kitabu chake alipokwisha kuondoka, kule Dar es Salaam, kilichapwa kizima mwaka 1999. Vita vya kwetu vimezoea kuandikwa na mtu aliyekwisha kuvuka ziwa.)

Juzi barua ilifika kwa Mwalimu kwa njia ya mfanya biashara mmoja. Mkusanyaji fulani wa Ulaya ana buku la kwanza na la tatu, anakosa hili la pili tu. Anatoa pesa nzuri, kwa sharti bei ipungue kwa ajili ya ramani zilizopotea na kwa ajili ya karatasi za mwisho, ambazo anaziita zilizochafuliwa. Kwa jina la yule ofisa, hata limekwanguliwa, anaongeza kidogo. Hiyo ndiyo desturi ya soko lao: jina la ofisa lapandisha bei, jina la mpagazi laishusha. Hatumlaumu kupenda mfululizo mzima, maana upendo wa vitabu si dhambi. Twamlaumu kwa neno moja tu, lile la uchafu. Katika mabuku matatu yaliyochapwa Bruxelles, karatasi zile nne za nyuma ndizo pekee zinazokamilisha hesabu.

Mwalimu hajajibu. Tulipokwenda kumwona alitutazama tu akasema, “Wanangu, mikono,” nasi tukaenda kunawa kabla ya kukigusa. Juma lililopita mtu alifika kutoka Ubwari na jina la 32. Karatasi za nyuma zilikuwa zimejaa, basi Mwalimu aliliandika ukingoni mwa orodha ya maofisa, akalikausha kwa kupuliza.