Mafunjo Yaje Mwisho: Somo la Tope la Karatasi Kutoka Webuye

Kila mjadala wa uchafu wa Ziwa Victoria unapozuka hapa Kisumu, hakosekani wa kusema: tupandeni mafunjo. Neno hilo utalisikia Kondele, utalisikia Dunga ambako mafunjo yenyewe yamejaa ufukweni. Ni wazo zuri na mimi ni mtetezi wake. Tatizo ni kwamba wengi wanaanzia mwisho. Anayetaka kuona mafunjo yanaweza nini, na hayawezi nini, aifuate barabara inayopanda kutoka Kondele kwenda Kakamega hadi afike Webuye, kwenye kiwanda cha karatasi.

Kiwanda hicho, Pan African Paper Mills, kilianza uzalishaji mwaka 1974, kikimilikiwa na Serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa na wawekezaji wa kundi la Birla la India. Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikanunuliwa na kundi la Rai. Miaka yote hiyo ya kazi maji yake taka yalirudi Mto Nzoia, ambao huteremka hadi Budalang'i na kuingia ziwani. Si katika Ghuba yetu ya Winam, ila ziwa ni moja.

Maji ya kiwanda cha namna hii hubeba uchafu wa aina mbili, na usipozitenganisha hutaelewa lolote. Kuna yabisi zinazoelea: nyuzi za mti, vipande vya magome, udongo, chokaa. Halafu kuna vitu vilivyoyeyuka, hasa lignini, gundi ya asili ya mti inayoyapa maji rangi ya chai ya mkandaa. Chota lita moja, imimine katika chombo chenye umbo la pia, ukiache kwa saa moja. Nyuzi zitashuka chini na kujikusanya kama pamba chafu. Rangi haitaondoka. Ndiyo maana macho ni hakimu mbaya wa Nzoia, mto ambao wakati wa masika hubeba pia udongo wa mashamba ya bonde zima.

Hatua ya kwanza Webuye ilikuwa tangi la kutuamisha. Maji hupita polepole, nyuzi huzama, tope hutolewa chini. Kwa maneno ni rahisi. Kazi iko katika kulitoa. Tope likitoka tangini huwa karibu lote ni maji. Tani 100 za tope lenye asilimia 2 ya yabisi zina tani 2 tu za kitu kikavu. Likamue lifike asilimia 20 na utabakiwa na tani 10 za kusomba. Asiyekamua anasafirisha maji kwa bei ya lori, na gharama ikimchosha ataliacha tope tangini. Kwa joto letu litaoza humo humo, gesi italiinua mapande mapande, na kile kilichokwisha kuzama kitapanda juu na kutoka na maji.

Baada ya tangi yalifuata mabwawa ya kupuliziwa hewa, kisha mabwawa ya kutuliza. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: bwawa la hewa linatengeneza yabisi mpya. Bakteria hula vilivyoyeyuka, huzaana, na miili yao huwa tope. Wanahitaji pia naitrojeni na fosforasi, ambazo mti hauna za kutosha. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za chakula chao. Zikipungua, huota bakteria wa nyuzinyuzi wasiotaka kuzama. Zikizidi, mwani hustawi katika bwawa la mwisho. Kwa hiyo yabisi zinazopimwa kwenye bomba la kutokea huenda zisiwe nyuzi za karatasi hata kidogo, na kumlaumu fundi wa tangi la kwanza kwa ajili ya mwani ni kumwonea.

Hapo ndipo mafunjo yanapoingia. Mtafiti Mkenya Margaret Abira, katika kazi ya shahada ya uzamivu aliyoikamilisha mwaka 2008 akiwa na taasisi ya maji ya UNESCO kule Delft, Uholanzi, alijenga vinamasi vya majaribio pale pale kiwandani. Vilikuwa visehemu vya mita 3 na ushee kwa urefu, vimejazwa kokoto, maji yakipita chini ya uso wa kokoto hizo. Baadhi vilipandwa mafunjo, vingine matete, vingine mimea ya jamii yao. Maji yalikaa humo siku 3 hadi 5. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, fenoli, sumu inayozaliwa lignini inapovunjika, ilipungua kwa wastani wa kati ya asilimia 60 na 77.

Ni matokeo ya kujivunia. Lakini tazama aliingiza maji gani: yale yaliyokwisha kupita tangi na mabwawa yote. Angemwaga maji mabichi ya kiwanda, nyuzi zingeziba nafasi kati ya kokoto, maji yangepanda juu na kutafuta njia yake, na mizizi isingegusa chochote. Kokoto zikiziba hazina dawa nyepesi. Ni kuzifukua, kuziosha au kuleta nyingine.

Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 30 tu za yabisi zinazoelea kwa lita kabla maji hayajaachiliwa mtoni. Kiwango hicho hupimwa kwenye bomba la kutokea, na ni sawa. Mimi ningetaka na daftari la pili, la tani za tope kavu zilizotolewa kila mwezi na mahali zilipopelekwa. Hilo litatufaa hata hapa mjini, maana mabwawa ya majitaka ya Nyalenda nayo hujaa tope kwa chini bila mtu kuona, na kila inchi inayojaa inayapunguzia maji muda wa kukaa. Anayeleta pendekezo la kinamasi cha mafunjo kwa mtambo wa majitaka wa Kisat au kwa kiwanda chochote atuonyeshe kwanza tangi lililo mbele yake, mashine ya kukamulia, na fungu la bajeti la kusomba tope mwaka hadi mwaka.