Sauti Ina Mwenyewe



Wazazi zaidi ya mmoja wameniuliza suala hili. Kijana amemaliza kazi yake ya mchana, ameswali Isha, kisha ajifungia chumbani na kompyuta, masikio ameyaziba, na ukimwuliza afanya nini akujibu kuwa apanga upya muziki wa gemu. Hauuzi muziki huo, wala hapigi harusini. Afanya kwa kupenda tu. Mzazi ataka kujua: je, huu ni upuuzi, ni dhambi, ama ni kazi ya mikono kama kazi nyingine?

Sikupenda kulijibu jambo nisilolijua. Basi nilipokwenda Mbeya kwa shughuli ya ndoa ya jamaa zetu, nikipitia Iringa, nilifikia kwa mwana wa dada yangu, ambaye mchana hutengeneza simu mbovu sokoni Mwanjelwa, na usiku hushughulika na mambo hayo hayo. Nikamwambia, "Nisikilizishe." Akacheka, akasema, "Mjomba, kweli wewe?" Nikamwambia kweli. Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Mbeya mtu wa pwani aijua kwa mifupa yake. Tukajifunika mablanketi, naye akanisikilizisha kazi zake tatu. Hizo ndizo nitakazozipima mbele yako leo, kwani kulisema jambo kwa ujumla ni rahisi, lakini kipimo hutaka kitu cha kupimwa.

Kwanza tuondoe suala moja njiani. Juu ya ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana tangu kale. Ibn Taymiyya alizikataza kwa ukali. Ibn Hazm wa Andalusia alizihalalisha. Na Imam Ghazali katika Ihyaa aliweka kitabu kizima juu ya kusikiliza, akapambanua hali ya msikilizaji na kinachosikilizwa. Mwenye kushika kauli ya kukataza simlaumu, wala makala haya hayakuandikwa kumtoa katika kauli yake. Nasema na nyumba zile, nazo ni nyingi, ambamo redio yalia, taarabu yasikizwa, na kijana keshaianza kazi yenyewe.

Na kazi hiyo ni hii. Kijana husikiliza muziki wa mchezo mara nyingi hata mahadhi yakamkaa moyoni. Huyatenga mahadhi na mapambo yake, akajua sauti ya chini yaendaje na mapigo yameshikanaje. Kisha huyajenga upya: mahali pa kinubi hutia zumari, mahali pa ngoma hutia matari, penye haraka hupunguza mwendo. Yote hayo huyafanya kwa programu ambazo nyingine hupatikana bure, na pale asipokuwa na ala hutia kipande cha sauti alichokipata kwengineko. Ukitazama vizuri ni kazi ya fundi cherehani: nguo ni ya kale, mshono ni mpya.

Kazi yake ya kwanza ilitokana na mchezo uitwao Tetris, wa kupanga vipande vinavyoanguka, uliotungwa Moscow na Alexey Pajitnov katika miaka ya 1980. Ulipotiwa katika kidude cha mkononi cha Game Boy mwaka 1989, Mjapani Hirokazu Tanaka aliupangia wimbo wa Kirusi wa zamani, ambao maneno yake yametokana na shairi la Nekrasov la mwaka 1861 juu ya wachuuzi waendao kijiji kwa kijiji na bidhaa zao. Kidude kile kiliweza kutoa sauti nne tu kwa mara moja, na kwa nne hizo Tanaka akautia wimbo masikioni mwa dunia nzima. Ona basi, ndugu msomaji: hata mchezo wenyewe ulikuwa umeazima. Wimbo wa wachuuzi wa Urusi umekwenda Japani, umefika Mwanjelwa penye wachuuzi wetu, na kila aliyeupokea ameushona upya.

Kijana wetu aliutia ligombo. Ligombo ni ala ya Wahehe wa Iringa: ubao uliochimbwa kama hori, uzi ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi, mpigaji akaudonoa kwa vidole huku akiimba habari za watu na watawala. Rafiki yake wa Iringa alimrekodi babu yake akipiga, akampelekea kwa simu. Kijana akayakata madonoo yale moja moja, akayafuatisha mahadhi ya Kirusi. Nakuambia kweli, nilipenda. Uzi ule una mkwaruzo kidogo, kama sauti ya mzee aliyeamka alfajiri, na wimbo ambao katika mchezo wakimbia kama mtu afukuzwaye, hapa watembea kwa miguu yake. Mpangaji alifahamu kwamba ligombo halitaki haraka, akaupunguza mwendo kwa heshima ya ala. Huo ndio ufundi: kuisikiliza ala kabla ya kuiamrisha. Kasoro moja ilikuwamo, nayo nitaieleza mwisho, kwani ndiyo kubwa.

Kazi ya pili ilitokana na Baba Yetu. Wimbo huu waufahamu watu wengi wasioujua mchezo wake. Aliutunga Christopher Tin, Mmarekani, kwa mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ukaimbwa na vijana wa kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, nao ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Maneno yake ni Kiswahili, na ni sala ya Wakristo.

Kwa upande wa mahadhi, ni wimbo uliopanda vizuri, kama mtu apandaye ngazi akiona mbali zaidi kila hatua. Kwa upande wa lugha nina neno. Mtungaji amelirudia "yetu" kwa ajili ya kujaza mapigo, na "uliye" ameliacha ukingoni mwa mstari likining'inia, mahali pake pakaja baada ya pumzi. Msikilizaji wa Kiswahili hujikwaa hapo. Ni kana kwamba mahadhi yametungwa kwanza, lugha ikavishwa baadaye. Na mshairi wa pwani, aliyelelewa na vina na mizani, hulisikia hilo mara moja.

Lakini sikumlaumu kijana kwa kosa la Tin. Nilimlaumu kwa lake. Aliuchukua wimbo ule akauharakisha mno, sauti zikawa kama za vitoto vya paka, akatia mlio wa kuchekesha kila jina la Mungu lilipotajwa. Nikamwuliza, "Jirani yako nani?" Akasema ni mwalimu wa kwaya. Nawe wajua kuwa Mbeya ni mji wa kwaya. Wamoraviani wako nchi ile tangu mwaka 1891. Nikamwuliza, "Umemsikilizisha?" Akanyamaza. Nikasema, "Je, lau yeye angeichukua Fatiha akaifanya hivi?" Akainamisha kichwa. Katika Suratul-An'aam tumekatazwa kuvitukana vile wanavyoviomba wengine, na sababu tumeelezwa papo hapo: wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Si lazima mtu aikubali sala ya jirani yake ndipo aiheshimu. Yatosha kwamba ni sala.

Kazi ya tatu ilinikatisha pumzi. Ilianza kwa ngoma nzito, kisha zikaja sauti za wanaume, mbali, kama watu walio pangoni. Nikasikiliza, nikaomba arudie. Nikasema, "Hawa ni Waislamu, na hapo wamtaja Mwenyezi Mungu." Akasema, "Mjomba, mimi nilidhani ni mapambo tu."

Basi habari yake ni hii. Mwaka 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, muziki wake ukatungwa na Koji Kondo. Ndani yake mna hekalu la moto, na katika muziki wa hekalu hilo mlitiwa vipande vya Waislamu wakisoma, vilivyotoka katika mkusanyiko wa sauti unaouzwa kwa watungaji muziki. Nakala zilizofuata zikaondolewa sauti zile, zikatiwa nyingine. Lakini kilichokwisha kutoka hakirudi. Nakala za kwanza zimo mikononi mwa watu, na kijana wa Mbeya aliyechukua kutoka huko amechukua pamoja na hizo. Jina la Mola likasomwa hekaluni mwa moto, na hakuna aliyekusudia! Hapo ndipo penye zito la jambo hili. Sauti ilikatwa kutoka kwa watu wake, ikatiwa kifurushini, ikauzwa kama kitambaa cha kiraka.

Usidhani hilo lilitokea mara moja. Mwaka 2008 kampuni ya Sony iliahirisha kutoa mchezo wa LittleBigPlanet dunia nzima, kwa kuwa wimbo mmoja uliotiwamo ulikuwa na maneno ya Qur'ani. Mwimbo ulikuwa wa Toumani Diabaté wa Mali, bingwa wa kora, aliyefariki mwaka 2024. Naye alikuwa Mwislamu, na kwao maneno hayo kuingia katika nyimbo si jambo geni. Wanazuoni na wahojiane naye katika desturi hiyo. Mimi nasema hili tu: neno lile lilikuwa na majlisi yake, likahamishwa kwenye mchezo wa vinyago, na wahamishaji hawakujua wamebeba nini. Katika Suratul-Israa tumeonywa tusifuate tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Masikio yametajwa kwanza.

Nilitaka kumkemea kijana, ndipo nilipokumbuka yangu. Nilipokuwa mwalimu mchanga wa madrasa niliwafundisha watoto kaswida kwa mahadhi ya filamu ya Kihindi. Mahadhi yalikuwa matamu, na mimi sikuwa wa kwanza. Kuazima mahadhi ya filamu ni jambo la zamani pwani kwetu, na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijengea jina kwa kuyavisha mashairi ya Kiswahili. Siku ya Maulidi watoto wakasoma, watu wakalia. Baadaye mzee mmoja aliyejua Kihindi akanivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba wimbo ule, kwao, ni wa mlevi akililia chupa yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nami sikuwa nimemwuliza mtu yeyote, na waliojua Kihindi walikuwa mtaa wa pili.

Kwa hiyo sikumkemea. Nilimpa kijana masuala matatu, nami nakupa wewe uyaweke nyumbani mwako. Hii ni sauti ya nani? Yasema nini? Mwenyewe angeisikia hapa ulipoitia, angeridhika? Sheria za nchi nazo zagusa suala hilo: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ya Zanzibar ya mwaka 2003, humpa mtungaji haki ya kukubali au kukataa kazi yake ipangwe upya. Asiyeuza aweza kudhani halimhusu, lakini amana haiondoki kwa kutouza.

Sasa niifikie ile kasoro ya kazi ya kwanza, niliyoipenda kuliko zote. Kijana aliandika chini ya kazi yake jina la Tanaka, na jina la mchezo. Vizuri. Nikamwuliza, "Na mzee wa ligombo?" Akasema, "Huyo ni babu wa rafiki yangu tu, mjomba."

Tu! Mjapani asiyemjua, aliye mbali bahari na bahari, jina lake limeandikwa, mzee wa Iringa aliyekaa kitako akampigia mjukuu wake, uzi ukimkata kidole, ni "tu." Hugh Tracey, Mzungu aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala, na ligombo la Wahehe likiwamo, alikuwa akiandika jina la mpigaji na mahali pake. Sisi wenyewe twashindwa? Twalalamika kila siku kwamba wageni hutuchukulia vyetu bila kututaja, kumbe somo hilo la kutotaja twalifundishana chumbani mwetu.

Niliporudi, nilishuka Iringa nikenda na yule rafiki kumwamkia babu yake. Nikamsikilizisha kazi ile kwa simu. Alisikiliza hata mwisho, akaniuliza wimbo ni wa nani, nikamwambia habari ya wachuuzi wa Kirusi. Akatikisa kichwa, akasema vidole ni vyake, lakini mpanga wimbo amemkosesha donoo moja katikati. Alikuwa kweli, nilipousikiliza tena nililisikia pengo. Kijana amekwisha lirekebisha, na jina la mzee limetangulia majina yote.

Basi ewe mzazi, usiivunje kompyuta, wala usiiache kijana nayo kama ng'ombe asiye na mchungaji. Keti naye, blanketi mabegani ikibidi, umwambie akusikilizishe. Kisha mwulize: hii sauti ya nani? Akijua, msikilize. Asipojua, mtume akaulize, na awahi wenye kujua wakali hai.

Wabillahi tawfiq.