Sakafu ya Mteremko

Kwa miaka mingi darasani niliwazoesha wanafunzi wangu kuikabili kazi ya fasihi kwa maneno mawili: fani na maudhui. Maudhui ni jambo linalosemwa, fani ni namna ya kulisema. Kisha niliongeza onyo kwamba viwili hivi havitengani, na kwamba atakayesifu lugha ya mshairi bila kueleza mshairi anasema nini hatapata alama nyingi. Nimestaafu siku nyingi, lakini mazoea ya kalamu nyekundu hayajaniacha. Katika sura hii nataka kuyatumia maneno hayo hayo kuhakiki kazi ambayo si kitabu wala shairi, nayo ni majumba ya sinema ya zamani, pamoja na namna tunavyoyazungumzia sasa yanapobomoka.

Nianze na kosa la kawaida. Anayeandika juu ya jumba la sinema la zamani aghalabu husimama barabarani. Husifu uso wa jengo, kona zilizoviringwa, mistari ya saruji inayopanda juu, na jina lenye herufi za kusomeka kutoka mwisho wa mtaa: Majestic, Empire, Avalon, Empress. Kisha huhuzunika kwamba rangi imebabuka. Huyo amesifu jalada, kitabu hajakifungua.

Fani ya jumba la sinema iko ndani. Kwanza ni sakafu. Sakafu za nyumba zetu zote hulazwa sawa, lakini ya sinema huteremka kuelekea kwenye pazia jeupe, ili mfupi aliyeketi nyuma asizibwe na kichwa cha mrefu aliyeketi mbele. Pili ni kuta zisizo na madirisha, maana giza ni sehemu ya kazi. Tatu ni chumba cha projekta, kilichotengwa nyuma na juu, chenye vitundu vidogo tu vya kupitishia mwanga. Hilo halikuwa pambo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kisichozimika kirahisi, kwa hiyo ilibidi mashine itenganishwe na watu. Nne ni milango: zaidi ya mmoja, mipana, inayofunguka kwa nje, ili umati ukisukuma kwa hofu mlango ukubali. Ukitazama vizuri, kila kimojawapo ni wazo la kumjali binadamu, lililoandikwa kwa saruji.

Na maudhui yake ni nini? Wengi watajibu kwamba ni filamu. Sikubali. Filamu ilibadilika kila baada ya siku chache, jumba likabaki. Kwa maoni yangu maudhui ya jumba ni watu wasiojuana wanaokubali kuketi pamoja gizani kwa saa tatu, wakacheka mahali pamoja na kunyamaza mahali pamoja. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu Butimba, tulipopata ruhusa na senti za tiketi tulikwenda Mwanza mjini, sinema ya Liberty. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi, na wengi wetu hatukujua neno hata moja la lugha ile. Hata hivyo mama alipomlilia mwanawe, ukumbi mzima ulitulia: mwanachuo kutoka Mara, mchukuzi wa bandarini, mwenye duka na familia yake. Stelingi alipoponea chupuchupu, tulipiga kelele kila mtu kwa lugha ya kwao. Sikulijua jina la aliyeketi kando yangu, wala yeye langu, lakini tulitoka tumeafikiana juu ya nani mwema na nani mbaya.

Mhakiki hana budi kutenda haki, kwa hiyo niseme pia dosari. Bei ya tiketi iliwapanga watu kwa tabaka, wa senti chache mbele kabisa karibu na pazia, wenye fedha nyuma au roshani. Wakaguzi wa serikali ya kikoloni walikata na kuzuia picha walizoona hazifai kutazamwa na Mwafrika. Zanzibar palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mtu wa leo anaweza kuyaita kizuizi, lakini wengi wa akina mama wa wakati ule waliyahesabu kuwa nafasi ya kutoka nyumbani kwa heshima na kukutana. Tunapoyalilia majumba haya, tusiyalilie kana kwamba yalikuwa pepo.

Kazi inayofaa kusahihishwa kwanza ni Majestic ya Vuga, mjini Zanzibar. Mahali pale palijengwa mwaka 1921 jumba lililoitwa Royal, mali ya mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla. Ramani ilichorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyependa kutia matao na mapambo ya Kiarabu katika majengo yake. Jumba hilo liliungua miaka ya 1950, na mwaka 1955 likafunguliwa jingine la mtindo mpya, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na uso wa Majestic ukawa sehemu ya urithi huo. Lakini ukumbi ulio nyuma ya uso ulichakaa hata ukafikia kukosa paa. Nauliza kama mwalimu: hapo dunia imerithi nini? Wapo wanaotaka jumba lifufuliwe, nami nawaunga mkono, kwa sharti kwamba waanze na viti, wamalizie na rangi.

Sasa tuje kwenye sababu za kufa. Jibu linalotolewa vijiweni ni kwamba video iliua sinema. Hilo ni jibu nusu, nami ningelipa nusu ya alama. Zanzibar majumba yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, shirika la umma la Tanzania Film Company liliundwa mwaka 1968, likakabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majumba mengi ya sinema yakaangukia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa njema, nami nilikuwa miongoni mwa walioishangilia siasa ile. Lakini tazama matokeo: mwenye jengo akawa mmoja, mwenye filamu wa pili, mwenye kuendesha wa tatu. Paa likivuja, nani apande? Mtumwa wa wengi hufa njaa, na jengo la wengi hufa kwa mvua. Ikaja taabu ya fedha za kigeni ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, vipuri vya projekta vikaadimika na picha zikarudiwa hadi zikakatika. Hapo ndipo kanda za video zilipoingia, zikakuta mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani. Televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, zilikuta matanga.

Baada ya kifo huja mirathi, na hapa ndipo tunapoweza kupima nani alilielewa jengo na nani aliliona kama kiwanja tu. Detroit, Marekani, palikuwa na Michigan Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1926 ikiwa na viti takriban 4,000. Katika miaka ya 1970 ukumbi uliondolewa viti na kufanywa maegesho ya magari, na juu ya magari hayo dari ya nakshi ikaachwa ining'inie. Fani imebaki, maudhui yamekufa, na matokeo yake ni kichekesho cha kusikitisha. Dar es Salaam, sinema ya Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 watu wakitazama picha ndani ya magari yao, haikuacha hata ukuta; ubalozi wa Marekani ulijengwa pale baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Kampala, sinema ya Norman ilipata waumini: liliingia humo kanisa la Kipentekoste lililoanzishwa mwaka 1984, ambalo sasa linaitwa Watoto. Sakafu ya mteremko iliwafaa sana, maana mahubiri nayo hutaka kila mtu aone. Ndiyo maana nilisikitika miaka ya karibuni niliposikia mpango wa kulibomoa na kelele za wapenda urithi. Nairobi, sinema ya Shan ya Ngara imekuwa Sarakasi Dome, mahali pa wanasarakasi na wacheza ngoma. Hiyo naipa alama za juu kuliko zote. Picha zimekwenda, lakini watu wasiojuana bado huketi pamoja wakatazama kitu kimoja.

Msomaji ataniuliza: haya yanamhusu nini mzee wa Mugumu, mahali ambapo hatukuwa na jumba la sinema hata la mabati? Yanatuhusu sana. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni waliendesha kutoka Vugiri, Usambara, mradi wa filamu za elimu uliozungushwa kwa lori, na kwa miaka mingi baadaye watu wa mashamba walijua sinema kama gari la serikali na kitambaa cheupe uwanjani, cha kuwafundisha kilimo na usafi. Mjini watu walichagua picha, shamba tulichaguliwa. Na wakati huo huo nchi yetu yenyewe iligeuzwa picha. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu juu ya Serengeti, Michael akafa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na mwaka 1960 filamu yao ikapata tuzo ya Oscar. Wajerumani waliketi kwenye kumbi zao wakawatazama nyumbu wanaopita mashariki mwa mashamba yetu. Waikoma, Wanata na Wangoreme, majirani wa wanyama hao, hawakuwa na kiti ukumbini. Mara nyingi nimejiuliza wangepiga kelele wapi, na wangenyamaza wapi.

Leo Mugumu tuna vibanda umiza. Sivikejeli, maana maudhui yamehamia huko: vijana wanaosongamana kwenye benchi, mpira wa Ulaya, filamu za kigeni zinazotafsiriwa na sauti ya Kiswahili yenye utani wa kwetu. Kinachokosekana ni fani, na hapa fani ina maana ya uhai wa watu. Kibanda cha aina hiyo aghalabu kina mlango mmoja, nao hufunguka kwa ndani. Nyaya za umeme zimeungwa kwa gundi ya karatasi, joto halina pa kutokea, na wa nyuma husimama kwa sababu sakafu ni sawa. Mambo ambayo wajenzi wa 1921 na 1955 walikwisha kuyajibu, sisi tumeyasahau pamoja na rangi zao.

Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Ni riwaya iliyopata kusomwa na wanafunzi wetu. Kumbi za kisasa tunazo, nyingi zikiwa ndani ya maduka makubwa ya mijini, kwa bei za mijini. Mwanafunzi wa Mugumu aliyekisoma kitabu hicho atakaa wapi na wenzake aitazame?

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi, nao nauelekeza kwa yeyote atakayepanga kujenga ukumbi katika mji huu unaokua. Usituletee uso wa Majestic. Tupe sakafu inayoteremka, milango miwili inayofunguka kwa nje, na tiketi ambayo mtoto wa mkulima wa mtama anaweza kuilipia. Hayo mengine tutayaleta wenyewe, kila mtu kwa lugha ya kwao.