Kusoma Tena Kitabu cha Padri Tempels

Wachache kati yetu wameanza masomo ya filozofia bila kusikia jina la Padri Placide Tempels. Wengine humsifu, wengine humcheka, na mara nyingi hao wote hawajakisoma kitabu chenyewe. «La philosophie bantoue» ilitolewa kwa Kifransa mjini Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945, na Présence Africaine wakaitoa tena mjini Paris mwaka 1949. Ni kitabu kidogo. Hapa nataka kukipima kwa swali moja tu: mtu akiisha kuona kidogo, afanye nini na hicho kidogo alichokiona?

Tempels, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 akakaa Katanga, kati ya Baluba. Huko alikutana na jambo lililowasumbua wamisionari wengi. Wakristu waliobatizwa, hata wenye masomo, walipopatwa na ugonjwa au kifo waliyarudia mambo ya mababu. Wengine walisema: ni ujinga, ni ukaidi, hao ni wakristu wa jina tu. Tempels akauliza kwa namna nyingine: labda sisi ndio tusioona. Labda chini ya matendo hayo kuna fikira nzima juu ya uzima, nasi tumeikanyaga miaka yote bila kuitambua. Jibu alilolitoa ni lile la nguvu ya uzima: kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezwa au hupunguzwa na viumbe vingine, wazima na wafu. Tunaweza kubishana juu ya jibu hilo. Lakini kwa mmisionari wa siku zile, kukiri upofu wake mbele ya wenzake hakukuwa jambo dogo, na kwa maoni yangu sura ile ya kwanza inazipita zote zinazoifuata.

Shida inakuja baadaye. Mtu yule yule anatuambia kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuipanga filozofia yao kwa maneno yaliyo sawa, na kwamba ni kazi ya Wazungu kuwaambia yaliyomo ndani yao. Aliyetoka kukiri kwamba haoni, sasa anajifanya macho ya wengine! Tena kutoka kwa watu aliowajua Katanga anaruka mpaka kwa Wabantu wote, kana kwamba mito na lugha zilizo katikati si kitu. Mwaka 1950 Aimé Césaire alimshambulia kwa ukali: wanaiheshimu filozofia ya Mwafrika, na mshahara wake je, chakula chake je? Neno hilo ni chungu, lakini kitabu kilichoandikwa katika nchi ya migodi ya shaba hakiwezi kulikwepa.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alishika njia ya uangalifu zaidi. Alianza na lugha moja, Kinyarwanda, akayachambua maneno yake: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Hata hivyo aliyapanga kwa kufuata Aristotele, na kioo cha Aristotele nacho kina rangi yake. (Asiyetazama kwa kioo chochote na atuonyeshe.)

Mtakatifu Tomaso, alipoeleza Kanuni ya Imani, alisema kwamba hakuna filozofo aliyeweza kuchungua kikamilifu asili ya nzi mmoja. Ya nzi! Nasi twadhani tumeimaliza roho ya taifa zima kwa kurasa mia. Kumbukeni pia yule kipofu wa Betsaida katika Injili ya Marko. Bwana Yezu alipomgusa mara ya kwanza, aliona watu wanaotembea wakifanana na miti. Kuona hivyo hakukuwa kosa, maana kweli alikuwa ameanza kuona. Kosa lingekuwa kwenda zake saa ile ile na kuwafundisha watu wa kijiji kwamba watu ni miti. Yeye alisema wazi alichokiona, akabaki pale, akaguswa mara ya pili.

Kuna wanaodhani kwamba imani ni jicho la ziada, la kumfanya mkristu aone yote. Mimi sikubali. Imani haikumfundisha Tempels Kiluba, wala haikumpa ontolojia. Inamkumbusha mtu kwamba mwenzake anajulikana kabisa na Mungu peke yake, na kwa hiyo hawezi kufungiwa ndani ya maelezo yetu, hata yakiwa mazuri.

Na Tempels hakubaki pale alipokuwa mwaka 1945. Katika miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao, ilizaliwa Jamaa, na maneno yake makubwa yalikuwa ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Nayo ilipata matata yake, vikundi vingine vikapotea njia. Lakini katika «Notre rencontre», kitabu cha mwaka 1962, msemaji amebadilika. Haulizi tena Wabantu wanafikiri nini. Anasimulia jinsi alivyofika kama bwana wa kufundisha na kuamuru, kisha jinsi alivyokutana na watu. Mwaka ule ule aliondoka Kongo, akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Mwenye kutaka kumhukumu asome sura ya kwanza ya kile cha 1945, kisha hiki cha 1962, naye Kagame amweke katikati.