Kuipima Huduma ya Upangishaji kwa Barua Pepe Yake

Upangishaji wa tovuti, ambao mafundi wengi huuita hostingi tu, ni kazi ya kuweka mafaili ya tovuti na masanduku ya barua pepe ya mteja katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambayo imeunganishwa na intaneti usiku na mchana. Matangazo ya kazi hiyo hutanguliza ukubwa wa nafasi, na mara nyingi hudai kuwa nafasi hiyo haina kikomo. Lakini diski isiyojaa haijatengenezwa bado, na anayesoma masharti kwa makini hukuta kikomo kimehamishiwa kwenye idadi ya mafaili, ambapo katika seva nyingi kila barua iliyohifadhiwa, hata yenye mstari mmoja, huhesabiwa kuwa faili zima. Mjuzi huanzia kwenye barua pepe, kwa sababu tovuti inapoanguka kila mtu huiona, ilhali barua iliyopotelea katika folda ya barua taka haimpigii mtu hodi.

Kwanza vitenganishwe vitu vitatu vinavyouzwa kama kimoja. Kikoa ni jina lenyewe, na majina yanayoishia na .ke, kwa mfano, husimamiwa na KeNIC. DNS ni daftari linalogeuza jina hilo kuwa namba ya anwani ya seva. Na seva ndiko mafaili yaliko. Mtoa huduma mwadilifu humwandikisha mteja kuwa mwenye kikoa, na yule anayekiandikisha kwa jina lake mwenyewe ameshika hati ya kiwanja cha mtu, hata kama nyumba aliyojenga juu yake ni nzuri.

Ustadi wa fundi husomeka katika daftari hilo la DNS. Humo rekodi ya MX hutaja seva inayopokea barua za kikoa, na SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Rekodi kama «v=spf1 mx -all» ni fupi lakini imekamilika, kwani «mx» huruhusu seva zinazopokea barua zitume pia, na alama ya kutoa iliyo mbele ya «all» hukana nyingine zote; fundi akiweka alama ya kujumlisha mahali pake, amemruhusu kila mtu duniani. Rekodi iliyorundikiwa huduma nyingi nayo ina kasoro yake, kwa kuwa kanuni huruhusu maulizo ya DNS yasiyozidi 10, na yakizidi ukaguzi wote huhesabiwa kuwa na hitilafu. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, na DMARC humwelekeza mpokeaji la kufanya pale SPF na DKIM zinaposhindwa kuthibitisha kikoa cha mtumaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai watumaji wa barua nyingi wawe na zote tatu.

Jaribio lake ni jepesi: barua itumwe kwenye sanduku la Gmail, ifunguliwe katika umbo lake la asili, na yatafutwe maneno «spf=pass», «dkim=pass» na «dmarc=pass». Jicho lililozoea haliishii hapo, bali hutazama sahihi ya DKIM imewekwa kwa kikoa gani, maana sahihi inayotaja kikoa cha mtoa huduma badala ya cha mteja ni muhuri wa ofisi nyingine.

Seva ya pamoja, inayobeba wateja wengi kwa bei nafuu, hufanana na nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme: mpangaji mmoja akituma barua taka, anwani ya seva huingizwa katika orodha za watumaji wabaya, na majirani wasio na hatia hukataliwa pamoja naye. Itifaki za kusomea barua hazihitaji maneno mengi: IMAP huacha barua kwenye seva ili simu na kompyuta zione kitu kilekile, na POP3 huzipakua, na kwa kawaida huzifuta huko zilikotoka.

Ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda huruhusu takriban saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka, na ile ya asilimia 99 huruhusu zaidi ya siku 3 na nusu. Ahadi ya hifadhi rudufu, yaani nakala ya akiba, haina namba ya kuikagulia, na nakala iliyo kwenye diski ileile huungua pamoja na asili yake. Njia ya kuijua ni kuomba faili moja la juzi lirudishwe kabla halijahitajika; fundi aliyezoea hulirudisha kabla chai haijapoa, na asiyezoea huuliza kwanza ni la kazi gani.