Kupima Ubora wa Nakala Pacha ya Hazina ya Git

Nakala pacha ya hazina ya msimbo ni hazina nyingine kamili, iliyowekwa mahali pengine, inayojisasisha yenyewe bila mtu kukumbushwa. Katika Git, kuiunda ni kazi ya dakika chache: git clone --mirror mara moja, kisha git remote update inayoendeshwa na cron kila saa. Kuitambua iliyo bora ndiko kugumu, maana nzuri na mbovu hufanana hadi siku ya hasara.

Ukamilifu hukaguliwa kwanza. Amri ya git ls-remote iendeshwe kwenye hazina zote mbili, na kila tawi na kila lebo ionyeshe utambulisho uleule, ambao kwa kawaida huwa na herufi na tarakimu 40. Mafaili makubwa ya Git LFS yanahitaji kuvutwa kwa amri yake, git lfs fetch --all, la sivyo kinachohifadhiwa ni vielekezi vitupu. Ripoti za hitilafu na majadiliano hayamo kabisa ndani ya Git. Tarehe 31 Januari 2017 hifadhidata ya GitLab, huduma ya kuhifadhi hazina za Git, ilifutwa kwa bahati mbaya: hazina za Git zilisalimika, lakini takriban saa 6 za maoni na ripoti zikapotea.

Kigezo kizito zaidi ni kumbukumbu ya jana. Pacha mtiifu kupita kiasi hunakili hata uharibifu. Mwaka 2013 mradi wa KDE, wenye hazina takriban 1,500, ulipata hitilafu ya mfumo wa mafaili kwenye seva kuu, na seva zilizokuwa zikiifuata zikauvuta uharibifu huo. Nakala moja iliyobaki nzima ndiyo iliyouokoa mradi. Ndiyo maana fundi makini huendesha git fsck kabla ya kuikubali nakala mpya, na huweka kando vifurushi vya git bundle vyenye tarehe. Nakala ikipokea kwa kusukumiwa, receive.denyDeletes na receive.denyNonFastForwards huizuia isifute tawi wala kuandika upya historia.

Umbali nao haupimwi kwa kilomita tu, hupimwa pia kwa funguo. Kampuni ya Code Spaces ilifungwa mwaka 2014 baada ya mvamizi kuingia katika akaunti yake ya Amazon na kufuta data pamoja na nakala rudufu nyingi zilizokuwa humohumo. Anayeingia hazina kuu asiweze kuigusa nakala.

Inabaki hatari ya ukimya. Cron ikishindwa bila kutoa taarifa, nakala huganda miezi mizima huku kila mtu akiamini iko hai. Kwa hiyo mfumo bora hupiga kelele usasishaji unapochelewa. Zoezi la kurejesha nalo lifanyike walau mara moja kwa mwezi, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona hazina hiyo, hadi programu ijengeke na kufanya kazi.