Hit Refresh: patron anaandika vizuri, lakini walioondolewa wako fasi gani?

Leo ninaleta hapa kitabu ambacho wengi wanashauri kwa vijana wanaotafuta kazi: Hit Refresh ya Satya Nadella, mkubwa wa Microsoft. Kilitoka 2017. Nilikisoma kwa simu, kidogo kidogo, siku ambazo umeme ulikuwa. Ninakisifu kwa sehemu. Lakini niko na swali moja ambalo hakijibu, na hilo swali linatugusa sisi wenye kontra za mwaka moja moja.

Tuanze na uzuri wake. Nadella alizaliwa Hyderabad, Uhindi, akaingia Microsoft 1992, na mwezi wa 2, 2014 akawa mkubwa wa tatu wa kampuni, nyuma ya Bill Gates na Steve Ballmer. Anaeleza siku alipokuwa anaulizwa maswali ya kazi. Mtu mmoja alimuuliza: ukikuta mtoto ameanguka njia panda, analia, utafanya nini? Nadella akajibu atapigia simu watu wa msaada. Mwenye kumuuliza akamwambia: mtoto akianguka na kulia, unamwokota. Anaeleza pia mtoto wake aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, na namna hiyo ilimfundisha kusikia uchungu wa wengine. Kurasa hizo nilizisoma mara mbili. Si maneno ya kujipamba.

Hafichi tena ugonjwa wa nyumba yake. Anakumbusha ile katuni maarufu, iliyochorwa na Manu Cornet, inayoonyesha Microsoft kama makundi yanayoelekezeana bunduki. Kazi yake, anasema, ilikuwa kubadilisha roho ya kampuni: watu waache kujifanya wanajua yote, waanze kujifunza yote.

Sawa. Lakini juu ya nini watu walikuwa wanaelekezeana bunduki? Mu 2012, mwandishi Kurt Eichenwald alitoa habari ndefu ndani ya gazeti Vanity Fair, akiwa amezungumza na wafanyakazi wengi, waliokuwa ndani na waliotoka. Walimwonyesha jambo moja kwanza: kupangwa kwa mstari. Kila kikundi kilipaswa kuwa na wachache wa juu, wengi wa katikati, na mmoja ao wawili wa chini. Hata kama watu kumi wote wanafanya kazi vizuri, lazima mmoja awe mbaya. Basi aliye mwerevu anaogopa kukaa pamoja na werevu wengine, na ukijua kitu unakificha.

Sisi wa agro tunaelewa hilo mbio. Ukipanda aina kumi za maharagi kwa essai, lazima moja itakuwa ya mwisho. Haimaanishi ni mbaya. Pengine inazaa mara mbili kuliko ile mama anayopanda nyumbani. Njo maana prof walitulazimisha kuweka kile kipande walichoita témoin, yaani shahidi. Bila shahidi, unajua nani yuko mbele na nani yuko nyuma, lakini hujui nani ana thamani. Microsoft ilikaa myaka mingi inapanga watu bila shahidi. Mfumo huo ulifutwa mwezi wa 11, 2013, mbele ya Nadella kuwa mkubwa. Kwa hiyo tukisifu roho mpya, tusimpe yeye peke yake mavuno yote.

Sasa tuingie fasi ambapo kitabu kinanichokoza: Nokia. Mwezi wa 9, 2013, chini ya Ballmer, Microsoft ilitangaza kununua kazi ya simu za Nokia. Nadella anaandika kwamba wakubwa walipoulizwa, yeye alikataa. Mambo yalimalizika mwezi wa 4, 2014, na watu karibu 25,000 wakaingia Microsoft. Mwezi wa 7 mwaka uleule, hata myezi mitatu haijatimia, yeye mwenyewe akatangaza kwamba hadi watu 18,000 wataondoka, karibu 12,500 wa upande wa Nokia. 2015 tena, hadi 7,800, na kampuni ikafuta dola karibu miliari 7.6 kwenye vitabu vyake. 2016 tena, hadi 1,850, wengi wao Finlandi. Mji wa Salo, uliojulikana kwa kutengeneza simu ambazo hata sisi tulizishika hapa, ulifungiwa ofisi ya Microsoft.

Barua ya Stephen Elop, mkubwa wa upande wa simu, inajulikana mpaka leo. Ilianza na salamu ya kirafiki, ikaeleza mipango ya simu kwa urefu, na habari ya watu 12,500 ikaja mbali kule chini.

Nadella anasema anajuta kwa wale watu. Ninamwamini. Lakini ni maneno machache, kisha kitabu kinaendelea na safari yake. Mimi sikukuta humo sauti ya mtu hata mmoja wa Salo. Yule mtoto wa njia panda yuko wapi hapa? Kitabu kinatufundisha kumwokota, lakini anapoanguka kweli, tunasikia tu mwenye gari anavyosikitika.

Mtu atasema: kampuni ilikuwa inarudi nyuma, ilibidi ikatwe, na leo ni kati ya tajiri zaidi duniani. Ni kweli. Mimi sishindanishi uamuzi, ninashindanisha hesabu. Ukitoa rapport ya mavuno na kuondoa vipande ambavyo havikuota, moyenne yako itakuwa nzuri sana, na itakuwa ya uongo. Mwezi wa 1, 2023, Microsoft ilitangaza tena watu 10,000. Mwenye kusoma kuhusu huruma peke yake hataelewa imetoka wapi.

Hii si mambo ya Marekani tu. Nilifanya kazi kwa proje moja ya mihogo, sitaitaja. Bailleur alibadilisha mpango, sisi tukaambiwa « restructuration ». Wamoniteur saba walirudi nyumbani, na wakulima waliokuwa wanafuatwa nao wakabaki na mbegu bila mtu wa kuuliza. Rapport ya mwisho iliandika kwamba équipe imekuwa nyepesi. Neno moja tu, « nyepesi », njo hesabu yote ya watu saba.

Kwa hiyo kisomeni kitabu hiki, kiko na mafundisho. Lakini kisomeni pamoja na ile habari ya Eichenwald ya 2012, ili patron na mfanyakazi wazungumze meza moja. Na wale wenu waliopita ndani ya restructuration, kwa ONG, kwa benki, kwa kampuni ya simu: andikeni hapa chini mlikuwa wangapi, mlibaki wangapi, na kazi gani ilikufa mlipoondoka. Hiyo rapport hakuna atakayeiandika kwa fasi yetu.